Mwalimu wa Michezo Anaandaliwa kwa Ajili ya Nani?

Wakufunzi wenzangu, na ninyi walimu tarajali mnaojiandaa kwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie falsafa inayotuongoza tunapomwandaa mwalimu wa elimu ya viungo na michezo. Nitaanza na swali: mwalimu huyu tunamwandaa kwa ajili ya mtoto yupi? Msimamo wangu ni kwamba tunamwandaa kwa ajili ya yule asiyechaguliwa timu zinapogawanywa. Mwenye kipaji atacheza hata sisi tusipokuwepo. Ataanzia chandimu mtaani, ataonekana UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, atavuka kwenda UMISSETA, ya sekondari. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, alitupa fahari ambayo bado tunayo. Lakini kipindi cha dakika 40 kwenye ratiba hakikuwekwa kwa ajili ya kumtafuta Bayi mwingine. Ni cha wote waliomo darasani.

Tufanye hesabu. Darasa lina wanafunzi 60 na mpira ni mmoja. Filimbi inapulizwa, 22 wanaingia uwanjani, 38 wanakaa pembeni. Ukitoa muda wa kutoka darasani na kupanga timu, zimebaki dakika 30. Zigawe kwa 22: hata kama mpira ungegawanywa sawasawa, kila mmoja angekuwa nao kwa muda usiofika dakika moja na nusu. Na sote tunajua haugawanywi sawasawa. Wale 38 hawakufundishwa chochote, ingawa shajara ya somo itasema kipindi kimefundishwa. Sasa lichukue darasa hilohilo, ligawe makundi kumi ya watoto sita sita, kila kundi lipe mpira wa makaratasi na matambara uliofungwa vizuri kwa kamba. Watoto wanajua kuitengeneza kuliko sisi. Hapo hakuna anayekaa.

Kuna zoezi moja ambalo ningependa kila mmoja wenu aondoke nalo leo. Muska Mosston, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Rutgers kule Marekani, alilitumia kuwaonyesha walimu tofauti kati ya somo linalotenga na somo linalopokea. Watoto wawili wanashika kamba, imelala sawa, chini kidogo ya goti. Wenzao wanaruka, wote wanavuka. Kamba inapandishwa, mmoja anaigusa, anatolewa. Inapandishwa tena, wanatoka wanne. Mwishoni anabaki mmoja anaruka, wengine wanamtazama. Waangalieni waliotoka mwanzo: ndio hasa waliokuwa na haja ya kuruka zaidi.

Sasa shusheni ncha moja ya kamba mpaka karibu na ardhi, nyingine iacheni usawa wa kifua. Kamba imekaa mshazari. Kila mtoto anatafuta mahali pake pa kuvukia na hakuna anayetolewa. Aliyeanzia kule chini akisharuka mara mbili tatu, mara nyingi utamwona anasogea kidogo kuelekea juu, na wala hujamwambia. Kamba ni ileile ya katani, hakuna shilingi iliyoongezeka. Kilichobadilika ni uamuzi wa mwalimu.

Mbona basi tunang'ang'ania mistari na amri? Ni urithi wa mbali. Per Henrik Ling alifungua chuo cha walimu wa jimnastiki Stockholm mwaka 1813, miaka michache baada ya Sweden kunyang'anywa Finland na Urusi. Nia mojawapo ilikuwa kupata vijana imara wa kuitetea nchi. Mazoezi ya aina hiyo, ya mistari na kuhesabu kwa amri, yalienea Ulaya, na kwetu yakaingia na shule za wakoloni. Sisemi tuyatupe yote. Mchakamchaka wa asubuhi naupenda sana, hasa nyimbo zake. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni kuruka kichura na kupiga pushapu kama adhabu. Mtoto uliyemwadhibu Jumatatu kwa kuruka, Jumatano utamweleza vipi kwamba kuruka ni afya na ni furaha? Mwalimu wa michezo akiona mwenzake anatoa adhabu hiyo, ana wajibu wa kumwendea kwa heshima na kumweleza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Takwimu zake za mwaka 2016 zilionyesha kwamba vijana 81 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho. Wasichana ni 85, wavulana 78. Kwetu sababu nyingine tunaziona kwa macho: sketi inayopepea, hedhi, wavulana wanaochungulia na kucheka. Mwalimu tarajali lazima ajifunze kuzungumzia hedhi bila kuona haya, na aruhusu suruali ndani ya sketi na hijabu bila malumbano. Na arudishe rede na nage uwanjani. Michezo hiyo ina kukwepa, kulenga, kukimbia na kukadiria, na wasichana wengi ni mafundi wake. Waache wawafundishe wavulana.

UNESCO ilitamka tangu mwaka 1978 kwamba elimu ya viungo na michezo ni haki ya kila mtu, ikarudia mwaka 2015.

Kwa hiyo, wakufunzi wenzangu, nina ombi kuhusu BTP inayokuja. Fomu zetu zinamkagua mwalimu tu: sauti, filimbi, andalio la somo. Naomba tuongeze ukurasa mmoja. Mkufunzi akifika uwanjani, achague wanafunzi watatu walio mbali zaidi na mpira, amfuatilie kila mmoja kwa dakika tano, na aandike ametenda mara ngapi na amesimama kwa muda gani. Alama za somo zianzie hapo.