Maboma ya Ireland na wenyewe wasioonekana

Haya jamani, tuanze. Ukipita vijijini Ireland utaona katikati ya malisho kuna duara la tuta la udongo, limeota miti ya miiba, na mwenye shamba kalizunguka tu, hajaligusa. Hayo ni maboma ya zamani, yapo zaidi ya 40,000 kisiwa kizima, mengi ni ya kati ya mwaka 500 na 1000 hivi. Waakiolojia wanasema ni nyumba za wakulima, tuta na mtaro wa kuwakinga na wezi wa ng'ombe. Ila waliokuja baadaye wakasema wenye boma ni Watu Wema, yaani viumbe wasioonekana kama majini, wanawaita hivyo kwa heshima maana ukiwasema vibaya wanasikia, na ukikata mti wao unapooza mkono au mifugo inakufa, na usiku watu wanaona taa na kusikia muziki humo ndani. Mwaka 1937 mpaka 1939 watoto wa shule za msingi walitumwa wakawahoji wazee wao wakayaandika haya kwenye madaftari, hazina kubwa sana ile.

Sasa Latoon, kaunti ya Clare, mwaka 1999. Barabara mpya ilikuwa ipite pale kwenye mti wa miiba, msimulizi Eddie Lenihan akapiga kelele mpaka magazetini kwamba hapo ndipo Watu Wema wa Munster, jimbo la kusini, wanapokutana wakienda kupigana na wa Connacht, jimbo la magharibi, mkiukata madereva watakufa hapo. Mti ukaachwa, ukazungushiwa uzio! 2002 mtu akaja na msumeno wa mashine akafyeka matawi yote, mti ukachipua tena. Mimi nasema woga huu umelinda maboma karne nyingi kabla ya sheria yoyote ya mambo ya kale, tuuheshimu.

Lakini siwezi kuishia hapo, kwa sababu mwaka 1895 huko kaunti ya Tipperary Bridget Cleary, miaka 26, aliugua, mumewe Michael akashikilia kwamba huyu sio mke wake, Watu Wema wamemchukua wa kweli wakaacha wa kufanana naye, akamlazimisha kunywa dawa za majani, akamtishia kwa moto, mwisho akamchoma. Halafu akaenda kukesha kwenye boma la Kylenagranagh na kisu, anamsubiri mke wa kweli atoke amepanda farasi mweupe. Alifungwa miaka 20, akatumikia 15. Na nyumbani mle baba mzazi wa Bridget alikuwepo, ndugu walikuwepo, majirani pia. Kwa hiyo mtu akinambia hizi ni ngano za kufurahisha watalii namkatalia kabisa.

Haya, wenye maswali nyoosheni mikono.