Shilingi Ikipata Nguvu, Nani Anacheka?

(Mazungumzo na wakulima na wafanyabiashara, Masasi)

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie dola. Najua wapo mnaojiuliza: mimi na dola wapi na wapi, hata kuishika sijawahi. Lakini kila kilo ya korosho inayotoka ghalani ilishapigiwa hesabu kwa dola kabla hujaiona hela yake.

Nianze na jambo linalochanganya watu wengi. Oktoba 2024 dola moja ilikuwa imefika shilingi 2,700 na ushei. Desemba ikawa maeneo ya 2,400. Namba imepungua, kwa hiyo mtu anasema shilingi imeshuka. Siyo. Iliyoshuka ni bei ya dola. Dola ni bidhaa kama mchele. Mchele ukishuka bei, hela iliyo mfukoni mwako ndiyo imepata nguvu.

Ilikuwaje dola ikawa ghali? Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta na mbolea, tukahitaji dola nyingi zaidi kununua vilevile. Mwezi Machi mwaka huohuo Benki Kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba, kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023. Mwenye dola zake akaona heri zikae kwao zizae. Huku tukabaki kugombania chache. Mnakumbuka Agosti 2023: petroli Dar es Salaam ilitoka chini ya 2,800 hadi karibu 3,200 kwa lita, mwezi mmoja tu, na pampu nyingine zilikuwa kavu.

Serikali ikafanya nini? Nitayataja matatu. Januari 2024 Benki Kuu yetu ilianza kutangaza riba yake, ile inayoongoza riba za mabenki, asilimia 5.5, na Aprili ikaipandisha hadi 6. Riba hiyo ikipanda, shilingi zinakuwa adimu kidogo, na mtu anafikiri mara mbili kabla ya kukopa shilingi akanunulie dola. Oktoba mwaka huohuo wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wakatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya mzigo wao isafishwe nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu. Hili nalipenda: Benki inalipa kwa shilingi, inapata akiba ambayo dunia nzima inaikubali. Kisha Machi 2025 zikatoka kanuni za kukataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, ukiacha mambo machache kama mikopo ya benki ya fedha za kigeni na yale ya balozi. Kodi ya nyumba kwa dola, basi.

Kanuni hizo ni nzuri, lakini tusizibebeshe mzigo usio wao. Zinapunguza wanaoitafuta dola bila sababu. Dola yenyewe hazizalishi hata moja. Dola inaletwa na dhahabu, na watalii wanaoanza kumiminika kuanzia Juni, na mazao. Ndiyo maana kila mwaka shilingi hulegea miezi ya mwanzo, ikakaza kuelekea mwisho wa mwaka.

Sasa tazameni hapo. Mwisho wa mwaka ndio msimu wenu.

Mnunuzi anayekuja mnadani anapeleka korosho India au Vietnam, analipwa kwa dola. Hapa anataja bei kwa shilingi. Tuchukue mfano: amepiga hesabu zake akaona anaweza kutoa dola moja na nusu kwa kilo. Dola ikiwa 2,700, atataja 4,050. Ikiwa 2,400, atataja 3,600. Korosho ni ileile, unyevu uleule, mnunuzi yuleyule, na shilingi 450 hazipo. Kwa tani moja hiyo ni laki nne na nusu. Msimu wa 2024 minada ya mwanzo ilivuka 4,000, baadaye bei ikateremka, mkalaumu chama cha msingi, mkamlaumu mtunza ghala. Wengine walistahili, sikatai, na ubora nao ulichangia. Ila dola ilikuwamo kwenye hesabu na hakuna aliyeitaja.

Hapa kuna mama ameniuliza kabla hatujaanza: kwa nini Benki Kuu isiiache shilingi idhoofike basi, korosho ipande? Mama, ungepata 450 zako kwenye mnada. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wasimamizi wa nishati, wanatangaza bei ya mafuta, na kidogo kidogo zingeanza kukutoka: kwenye bodaboda, kwenye lori la kupeleka magunia, kwenye unga unaotoka Songea, kwenye salfa ya kupulizia mikorosho, ambayo nayo inaagizwa. Na jirani yako asiye na mkorosho hata mmoja angelipa hayo yote bila kupata zile 450.

Kwa hiyo mimi Benki Kuu siigombezi. Ninaowagombeza ni wanaotangaza kwenye redio kwamba shilingi imekaza, wakashangilia, wasimwambie mkulima kwamba wiki hiyo mnada utataja bei ndogo. Angeambiwa, angalau asingemshuku mtunza ghala. Haya, maswali. Tuanze na mzee wa kofia nyeupe, ameshika mkono juu muda mrefu.