Feni Inazunguka, Kompyuta Inasoma Sifuri

Wahandisi wenzangu, nanyi wanafunzi mliofika, nitaanza na hitilafu iliyonisumbua siku nne. Kompyuta ilikuwa ikionya kwamba feni ya prosesa imesimama. Nilifungua kasha nikaikuta feni inazunguka vizuri na prosesa haina joto la kutisha, lakini kiendeshi, yaani programu inayosoma chipu ya vipimo, kiliendelea kusoma sifuri. Nilibadilisha feni, nikabadilisha na waya wake, na sifuri ikabaki palepale. Kumbe tatizo lilikuwa namba moja ndogo ya usanidi.

Chipu ya LM78, inayopima mwendo wa feni na volti za kompyuta, na ambayo mtindo wake wa kupima ulirithiwa na chipu nyingi zilizoifuata, haihesabu mizunguko ya feni. Inapima muda wa mzunguko mmoja. Hutumia saa inayopiga mara 22,500 kwa sekunde, na huhesabu mapigo ya saa hiyo tangu mzunguko unapoanza hadi unapokamilika, kwa feni ya kawaida inayotoa ishara mbili kila mzunguko. Kwa dakika moja saa hiyo hupiga mara 1,350,000. Kwa hiyo kiendeshi huchukua 1,350,000 na kuigawanya kwa hesabu iliyosomwa ikiwa imezidishwa kwa kigawanyo (namba ya usanidi nitakayoieleza hivi punde), na jibu ndilo mizunguko kwa dakika.

Sasa angalieni udhaifu wake. Feni ikipunguza mwendo, hesabu hukua, na rejista, yaani nafasi ndani ya chipu inayoitunza, ina biti 8 tu, hivyo haiwezi kupita 255. Hesabu ikifika hapo kiendeshi hakina njia ya kujua kama feni imesimama au inakwenda polepole tu, na huandika sifuri. Kigawanyo ndicho kinachopunguza kasi ya saa ili hesabu ienee katika rejista. Feni yangu ilikuwa ya mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, na kigawanyo kilikuwa 2, ambacho ndicho cha kawaida chipu inapowashwa. Pigeni hesabu: 1,350,000 kugawanya kwa 4,000 ni takribani 337. Haingii. Kwa kigawanyo cha 4 hesabu inakuwa 169, inaingia bila shida.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiweke 8, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote, tukalala usingizi. Sababu ni usahihi. Kwa feni ileile, hatua moja ya hesabu kwenye kigawanyo cha 4 ni tofauti ya mizunguko 12 hivi; kwenye 8 inakuwa 24, na kadiri feni inavyokwenda kasi ndivyo hatua hizo zinavyozidi kupanuka. Mimi huchagua kigawanyo kidogo kuliko vyote ambacho bado kinaacha nafasi ya feni kupunguza mwendo bila kupotea machoni pa chipu.

Kuna jambo la pili ambalo nadhani ndilo linalompambanua mwandishi makini wa kiendeshi. Kikomo cha chini cha mwendo, kile ambacho Linux hukionyesha katika faili la fan1_min, hutunzwa ndani ya chipu kama hesabu, si kama mizunguko. Ukibadilisha fan1_div, faili la kigawanyo, bila kugusa kikomo, hesabu ileile inageuka kuwa na maana nyingine, na onyo litalia pasipo sababu au litanyamaza siku ya hatari. Kwa hiyo kiendeshi kinapaswa kwanza kukitafsiri kikomo kuwa mizunguko, kisha kibadilishe kigawanyo, ndipo kikirudishe kikomo kwa hesabu mpya.

Kwa upande wa volti nitasema machache. Chipu hiyo husoma kwa hatua za milivolti 16, hivyo upeo wake ni volti 4.08, na umeme wa volti 12 lazima upunguzwe kwa vikinzani (resistor) viwili kabla ya kuifikia. Thamani za vikinzani hivyo huzichagua aliyebuni ubao mkuu wa kompyuta, na kiendeshi hakiwezi kuziona. Ndiyo maana kiendeshi huripoti milivolti zilizo kwenye mguu wa chipu, na kuzidisha hufanywa nje ya kerneli (kiini cha Linux), katika faili la sensors3.conf. Vikinzani vikiwa vya kilo-omu 30 na 10, chipu huona robo tu ya volti, yaani 10 kati ya 40, hivyo usomaji wa milivolti 2,992 unazidishwa kwa 4, tunapata volti 11.97. Msinakili faili la ubao mwingine. Pimeni kwa mita kwanza.

Nirudi kwenye kompyuta yangu. Niliandika 4 katika fan1_div, nikasoma fan1_input, faili la mwendo wa feni, papo hapo, na bado ikaonyesha sifuri, nikakaribia kukata tamaa. Nilikuwa nimesahau kwamba kiendeshi hutunza usomaji wake kwa sekunde moja na nusu kabla ya kuiuliza chipu tena. Nilisubiri kidogo, nikasoma mara ya pili, ikaja 1,997.