Waliponiita Hodari, Nilinyamaza

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tuna jambo ambalo nimelikwepa tangu tuanze kipindi hiki: watoto wanaouguza. Mtoto wa miaka 10 au 14 ambaye ndiye anayemwogesha mama, anayempa baba dawa, anayemlisha ndugu yake asiyeweza kujilisha.

BARAKA: Na wewe, dada Zuhura, ulikuwa mmoja wao.

ZUHURA: Nilikuwa na miaka 13 mama alipopata kiharusi. Upande wote wa kulia ukapooza. Baba alikuwa na kazi ya zamu za usiku, kwa hiyo usiku ukawa wangu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza inabidi ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi. Asipogeuzwa, ngozi ya makalio na visigino inakosa damu, inaanza kuwa nyekundu, inachubuka, kisha kidonda kinachimba kwenda ndani. Simu nilikuwa naiweka chini ya mto ili kengele isiwaamshe wadogo zangu.

BARAKA: Usiku kucha?

ZUHURA: Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Unalikunja goti la upande wa mbali, unashika bega na nyonga, unamgeuza kuja kwako, unamwekea mto mgongoni. Muuguzi alinionyesha mara moja tu, siku tunatoka hospitali. Wiki za mwanzo nilikuwa namvuta kwa mkono uleule uliopooza, na bega la mtu wa kiharusi huumia haraka sana likivutwa. Nilikuwa namuumiza mama yangu. Alikuwa anakunja uso tu, halafu ananiangalia.

BARAKA: Pole, dada yangu. Shuleni walijua?

ZUHURA: Hapana. Nilipewa adhabu ya kuchelewa mara nyingi na sikueleza. Ningeelezaje bila kutangaza kwamba mama anavaa nepi? Ile ilikuwa siri yake, si yangu. Watu hudhani mtoto ananyamaza kwa woga. Mimi nilikuwa namsitiri mama.

BARAKA: Wapo pia wanaoogopa kweli. Wanawaza: ikijulikana, mama atapelekwa kwingine na sisi tutatawanywa.

ZUHURA: Wapo. Halafu jamaa wakija kumjulia hali mgonjwa: "Hodari sana huyu binti, amekuwa mtu mzima." Walisema kwa upendo, nalijua hilo. Lakini kila nilipoitwa hodari, neno "nimechoka" lilizidi kuwa gumu kutoka. Mtu angeniuliza tu, "Usiku nani anamhudumia mama?", ningejibu, kwa sababu hilo si swali la kumwaibisha mtu.

BARAKA: Niruhusu nikubishie kidogo. Kumsaidia mzazi ni sehemu ya malezi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ibara ya 31, unamwekea mtoto wajibu wa kuwasaidia wazazi wanapohitaji.

ZUHURA: Endelea kusoma, kaka. Wajibu huo umefungwa na umri wake na uwezo wake. Na ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ibara ya 31 hiyohiyo, unampa haki ya kupumzika na kucheza. Mimi sikatai kusaidia. Kumchana mama nywele, kumsomea, kumshikia kikombe: ningeyafanya tena kesho, na yalinipa ukaribu naye ambao sina cha kuulinganisha nao. Swali langu ni moja: dawa ikisahaulika, nani anaulizwa? Kama anayeulizwa ni mtoto, hapo hasaidii tena. Ameachiwa mgonjwa.

BARAKA: Uingereza, kwa sheria za mwaka 2014, halmashauri za England zinatakiwa kuchunguza mahitaji ya mtoto anayeuguza hata kama mwenyewe hajaomba. Na wanapotathmini mahitaji ya mtu mzima, waangalie kama mzigo wake umemwangukia mtoto.

ZUHURA: Hilo la pili ndilo ninalolipenda. Mgonjwa akipata huduma, mtoto naye anapumua. Kumpeleka mtoto matembezi halafu umrudishe kwenye kengele ileile hakumpunguzii kitu.

BARAKA: Kwako ilipungua vipi?

ZUHURA: Shangazi yangu. Alikuja jioni moja na kikapu cha nguo, akaniomba nimwonyeshe namna ya kumgeuza mama. Nikamwonyesha. Akaniambia, "Leo nageuza mimi. Lete hiyo simu." Hakuniita hodari. Saa nane usiku niliamka mwenyewe, bila kengele, nikakaa kitandani nasikiliza. Nikamsikia anamwambia mama, "Mwanao amelala." Mama siku zile maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, moja moja. Akasema, "Mwache."