Umeona Nini Leo? Ndege wa Pwani ya Forth

(Mhadhara uliotolewa kwa Waswahili wa Edinburgh, mwezi wa Oktoba)

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeniona nalo bila kujua ni la nini: ile darubini shingoni na lile daftari mfukoni. Ninafanya zamu za usiku, kutunza wazee. Nikitoka asubuhi mara nyingi siendi moja kwa moja kulala. Nashuka hadi ukuta wa bahari pale Musselburgh, nasimama saa moja au mbili, nahesabu ndege, naandika, ndipo narudi nyumbani. Nimefanya hivyo ufuo uleule kwa miaka, na leo nataka niwaeleze kwa nini ufuo uleule. Ndege wazuri wako kila mahali. Ila ukirudi mahali pamoja mara mia mbili, unaanza kuona kinachopungua na kinachozidi, na hicho mgeni wa siku moja hakioni.

Musselburgh iko kama kilomita 9 au 10 mashariki ya katikati ya Edinburgh, mahali mto Esk unapoingia katika ghuba ya Forth. Jina la mji limetokana na kome, na kome bado wapo, wameshikana mawe kwa maelfu. Upande wa mashariki wa mdomo wa mto kuna ukuta mrefu, na nyuma ya ukuta kuna ardhi ambayo zamani ilikuwa bahari. Kituo cha umeme cha Cockenzie kilikuwa kikichoma makaa ya mawe, na majivu yake yakimwagwa huku ndani ya mabwawa yaliyojengewa kuta. Kituo kilizimwa 2013, na minara yake miwili ya moshi ikaangushwa 2015. Majivu yamefunikwa udongo, majani yameota, na sehemu moja wakachimba madimbwi ya maji ya kina kifupi kwa ajili ya ndege, na vibanda vya saruji vya kujifichia. Nani angefikiri kwamba jaa la majivu litakuwa mahali pa kupumzikia ndege waliotoka karibu na ncha ya dunia? Lakini ndivyo lilivyo, na mimi napapenda kuliko bustani yoyote ya mji huu.

Sasa, ukienda pale ovyo ovyo, utarudi umeona shakwe tu. Na hapa ndipo sisi tuliozaliwa pwani tuna mtaji. Hawa ndege hawaendi kwa saa ya ukutani, wanakwenda kwa maji. Maji yakipwa wanatawanyika mbali, kwenye tope na mchanga, kila mmoja anatafuta chake, na wewe unaona vidoa tu. Maji yanapoanza kujaa yanawasukuma polepole kuelekea kwako. Yakijaa kabisa hawana pa kusimama, wanaruka juu ya ukuta kwa makundi na kutua kwenye yale madimbwi, wamebanana, uso wote umeelekea upepo. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Forth hupanda na kushuka kiasi cha mita 5, na hapo ndipo wanapokuja wote. Siku za maji mafu wengine hubaki nje. Wenzangu wengi wa kizungu walijifunza hayo vitabuni. Mimi nilijifunza kwa babu yangu, aliyekuwa akitega uzio wa samaki Mida, nyuma ya Watamu, pwani ya Kenya, na sikujua kwamba elimu ile itanifaa huku.

Niwape ndege mmoja wa karibu, Waingereza humwita "oystercatcher". Ni mkubwa kama kunguru, mgongo mweusi, tumbo jeupe, na mdomo mrefu wa rangi ya karoti ambao utauona hata bila darubini. Anakula kome. Kome, mnajua wenyewe, akijifunga huwezi kumfungua kwa kucha. Basi ndege hawa wana mbinu mbili. Wengine huvizia kome aliyeachama kidogo ndani ya maji, wakachoma mdomo haraka na kukata ule msuli unaofunga ganda. Wengine humng'oa, wakamweka mahali pagumu na kumgonga mpaka ganda lipasuke. Kila ndege hushika mbinu yake, na mdomo wenyewe huonyesha: wa mchomaji ni bapa kama patasi, wa mgongaji ni butu kwa ajili ya kazi. Nilisimama asubuhi moja ya Januari, baridi inauma mpaka kwenye meno, nikamtazama mgongaji mmoja kwa nusu saa. Anagonga, anageuza kome, anasikiliza kama fundi, anagonga tena palepale. Alipopasua, shakwe aliyekuwa amesimama kando muda wote akaja kumnyang'anya. Akaenda kutafuta mwingine, akaanza upya.

Kando yake, kwenye majani ya bahari yaliyotupwa na mawimbi, utaona kindege kifupi chenye miguu ya rangi ya chungwa kikipindua mawe kwa mdomo, jiwe baada ya jiwe, kutafuta wadudu chini yake. Huyo hata Mombasa yupo. Na nje kwenye maji, kundi la bata wazito wenye kichwa kirefu, dume mweupe na mweusi, wanaitwa aida. Mwezi wa Februari, bahari ikitulia, madume hutupa kichwa nyuma na kusema "a-uuu", kama mama mkubwa aliyesikia habari asiyoitegemea. Waskoti wa zamani walikuwa na majina yao kwa ndege hawa wote. Aida walimwita "dunter", sululu mkubwa wakamwita "whaup". Nawaomba mkikutana na wazee wa hapa muwaulize majina hayo, maana yanakwenda pamoja na wenyewe, kama majina yetu ya samaki yanavyokwenda.

Nimemtaja sululu. Kwetu aliitwa hivyo kwa mdomo wake, umepinda kama chuma cha sululu ya kuchimbia. Mwaka wangu wa pili hapa, asubuhi ya mwezi Mei, nimesimama ukutani nimechoka, nikasikia juu yangu mlio wa filimbi, saba mfululizo, za haraka, za sauti moja. Miguu ikalegea. Ule mlio niliukulia. Ndio mlio wa Mida alfajiri, mikoko bado giza, maji yanapwa. Ni yule sululu mdogo mwenye michirizi kichwani. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, peke yangu: "Na wewe umefika?"

Pale kando alikuwapo mzee mmoja mwenye darubini ya miguu mitatu. Nikamwambia, ndege huyu ametoka kwetu. Akanitazama kwa upole akasema hapana, wanaopita hapa wametoka Afrika Magharibi na wanakwenda kutaga Iceland. Wanaokuja Kenya na Tanzania hutoka mashariki zaidi, Urusi na Siberia. Ni ndege wa jina moja, barabara mbili. Sitaficha, niliumia kidogo. Lakini baadaye nikaona kwamba ukweli huo ni mkubwa kuliko ule niliotaka. Kutoka kaskazini yote ya dunia hawa ndege wanateremka kama vidole vya mkono, kidole kimoja kinagusa Senegal, kingine kinagusa Watamu, na kila kidole kinahitaji matope yake yasifukiwe, mikoko yake isikatwe. Sululu yule mkubwa, "whaup", ameingizwa tangu 2015 katika orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza, yaani ya wale walio hatarini zaidi, kwa jinsi wanaotaga nchini humu walivyopungua. Bado utamwona Musselburgh wakati wa baridi, ila wale unaowaona wengi wao ni wageni waliokuja kujihifadhi.

Yule mzee ndiye aliyenipa daftari la kwanza. Aliniambia: usiandike ulichotamani kuona, andika ulichoona, na idadi, na hali ya maji, na upepo. Hata usipoona kitu, andika kwamba hukuona.

Kwa nini kuhesabu? Nitawaeleza kwa habari ya mwamba wa Bass.

Ukipanda treni hadi mji wa North Berwick, mashariki zaidi kwenye pwani hii, ukashuka na kuangalia baharini, utaona mlima umesimama majini peke yake. Ni zibo la volkano ya kale, urefu wake zaidi ya mita 100, na kuanzia Februari hadi Oktoba juu ni mweupe. Weupe ule ni ndege. Ni ganeti, ndege wa bahari mwenye mabawa yanayofika karibu mita 2 yakikunjuliwa, kichwa cha rangi ya manjano kama kilichochovywa kwenye ufuta uliokaangwa, na jicho la buluu nyepesi. Jina lake la kisayansi, Morus bassanus, limetokana na mwamba huu. Hakuna koloni la ganeti duniani lililokuwa kubwa kuliko hili: hesabu ya 2014 ilipata zaidi ya viota 75,000.

Kumwona akivua ni jambo la kukusimamisha. Anakwenda juu, pengine mita 30, anaangalia chini, anageuka, na anapokaribia maji anavuta mabawa nyuma kabisa mpaka anakuwa mkuki. Anaingia kwa kasi inayokaribia kilomita 100 kwa saa. Hana tundu za pua za nje, maji yangemwingia kichwani, na chini ya ngozi ya uso na kifua ana vifuko vya hewa vinavyopunguza kishindo. Wakiwa mia juu ya kundi la samaki, bahari inasikika kama inapigwa mawe.

Mwaka 2022 homa ya ndege ikafika pale, mwanzoni mwa Juni, wakati wa kutaga na kuatamia. Nilikuwa North Berwick asubuhi moja mwezi huo. Kwenye mchanga palikuwa na mabango: msiguse ndege. Niliandika daftarini "ganeti, mfu", nikaandika tena chini yake, nikaandika tena, mpaka ukurasa ukaisha, nikafunga daftari nikakaa. Mmoja alikuwa hai, ameketi ukingoni mwa maji, kichwa kinatetemeka, anajaribu kuelekea baharini na hawezi. Huwezi kumsaidia, huwezi hata kumkaribia. Watafiti wakaona jambo jingine: baadhi ya waliopona macho yao yalikuwa yamegeuka, ile buluu imekuwa nyeusi. Jicho likawa ushahidi kwamba ndege huyu ameugua akapona.

Walipohesabu kwa picha za droni 2023 walipata viota karibu 52,000. Karibu theluthi imekwenda. Sasa fikirini: kama hakuna mtu aliyehesabu kabla, tungesema nini? Tungesema "naona kama wamepungua". Nani angesikiliza? Wale wa 2014, na waliowatangulia miaka mingi nyuma, hawakujua homa inakuja. Walihesabu tu kwa sababu ilikuwa kazi yao ya mwaka ule. Vivyo hivyo kila mwezi, Uingereza yote, watu wa kawaida wanaojitolea wanahesabu ndege wa majini katika ghuba na maziwa: walimu, mafundi, wastaafu, na mimi mmojawapo.

Kazi hii haijaanza jana, wala haikuanzishwa na mabwana wenye vyeo vikubwa tu. Mwaka 1907 wanawake wawili wa Fife, Leonora Rintoul na Evelyn Baxter, walianza kwenda kisiwa cha May, pale katikati ya mlango wa Forth, kutazama ndege wanaopita. Walilala kisiwani, wakaandika upepo na mvua na ndege kila siku, na kutokana na daftari zile wakaonyesha jinsi upepo unavyowasukuma ndege wasafiri kando ya njia yao. Mpaka leo, kusini-mashariki ikivuma na mvua mwezi wa Oktoba, ndege wadogo waliotoka Skandinavia hutua May wamechoka hoi. Mwaka 1936 wanawake hao walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wanaornitholojia, yaani wachunguzi wa ndege, wa Skoti, ambacho ofisi yake sasa iko kijiji cha Aberlady, na mlango wake uko wazi kwa yeyote.

Aberlady nendeni jioni. Ghuba yake ndiyo ya kwanza Uingereza kutangazwa "Local Nature Reserve", yaani hifadhi ya asili ya serikali ya mtaa, mwaka 1952, na unaingia kwa daraja refu la mbao juu ya tope. Msimu huu bata bukini wenye miguu ya waridi wameshawasili kutoka Iceland na Greenland. Mchana wanakula mashambani. Jua likizama wanarudi kulala kwenye mchanga, safu baada ya safu, na kelele yao inatangulia kabla hujawaona. Wachukueni watoto. Waliozaliwa hapa wanastahili kuijua nchi yao, na hakuna ada ya kuingia.

Mmoja wenu ameniuliza mlangoni: watu hawakutazami vibaya, mtu mweusi na darubini? Mwanzo walinitazama, na mimi niliogopa, nilihakikisha darubini haielekei nyumba za watu hata kidogo. Watu wa ndege wana salamu yao wakikutana ukutani, badala ya "habari za asubuhi": wanauliza kama kuna chochote leo. Kwa muda mrefu mimi ndiye niliyeuliza. Kisha siku moja, mvua imekatika, akaja bwana mmoja nisiyemjua, akasimama kando yangu, akaweka miguu mitatu ya darubini yake chini, akaniuliza mimi. Nikamwambia: aida mia mbili na kumi, sululu thelathini na nne, maji yanajaa. Akaandika.

Vifaa si vingi. Darubini ya 8 kwa 42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, iliyotumika inatosha, msinunue ya bei kubwa kwanza. Glavu, kofia, chai ya tangawizi kwenye chupa. Jumamosi hii ni bamvua, maji yatajaa saa tisa kasorobo mchana. Nitakuwa pale ukutani, upande wa mashariki wa mdomo wa Esk, tangu saa saba.