Leo Tena Ben

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie kuku wa preri, ndege wa mwituni wa mbuga za nyasi za Marekani, kwa jumla. Kwa jumla siwezi. Na pale nyuma nimeshasikia mtu akinong'ona, "Leo tena Ben!" Naam, leo tena Ben, jogoo wa mwisho wa jamii yake, maana wengi wenu mnasema kutenga hifadhi na kuizungushia uzio kunatosha.

Mwaka 1908 kuku wa preri wa pwani ya mashariki walikuwa wamebaki kisiwani Martha's Vineyard tu, hawafiki mia. Wakatengewa hifadhi, wakaongezeka hadi kama 2,000. Watu wakashangilia. Mei 1916 moto ukapita majike wakiwa wanaatamia. Ndege hawa hutaga chini, na jike anayeatamia hang'oki. Majogoo wengi wakapona, majike wakaungua. Kisha wakaja mwewe, kisha maradhi ya bata mzinga wa kufugwa. Kufikia 1929 alibaki jogoo mmoja, wakamwita Booming Ben, yaani Ben Mvumaji.

Mnajua jogoo huyu anavyoposa: alfajiri husimamisha manyoya ya shingo kama masikio ya sungura, huvimbisha vifuko viwili vya rangi ya chungwa, hukanyagakanyaga chini mbiombio kama anayecheza msondo, halafu huvuma. Uwanja wa kuposea ni wa majogoo wengi, wanaringiana. Ben alikwenda peke yake, akavuma, hakujibiwa. Alionekana mara ya mwisho tarehe 11 Machi 1932.

Usiniambie "aa, hicho ni kisiwa." Jimbo la Illinois je? Bara tupu, na karne ya 19 walikuwepo kwa mamilioni. Mahindi na soya vikala preri, wakabaki kwenye viraka vya nyasi, huku wilaya ya Jasper na kule ya Marion. Viraka vikatunzwa, hesabu ikazidi kushuka. Mwaka 1994 hawakufika 50. Mkosi ulikuwa ndani ya yai: ndugu kwa ndugu wameoana vizazi na vizazi, mayai hayaanguliwi. Kuanzia 1992 wakaletwa kuku wageni kutoka majimbo ya Minnesota, Kansas na Nebraska. Nyasi zilezile, mvua ileile, mayai yakaanza kuanguliwa! Kumbe walikosa wachumba wa mbali, nanyi mnanionyesha uzio mpya.

"Si wafugwe kwenye vizimba?" Texas wanafuga. Vifaranga wakitolewa nje wanakuta sisimizi wakali waliotoka Amerika Kusini wamemaliza wadudu, na kifaranga wiki za mwanzo haishi bila wadudu.

Nilitaka pia kueleza kwa nini preri lazima ichomwe kwa zamu. Ndiyo, moto, huohuo uliowaua majike wa kisiwani, msinikazie macho. Mwenyekiti ananionyesha saa. Tutaonana kwenye chai.