Ndege Gani Hii? Usikimbilie Jina

HAMISI: Haya karibuni tena, mi Hamisi niko na dada Rehema, na leo tunaongelea ule mchezo wetu wa kutambua ndege adimu, zile za rubani siyo wa mwituni, kwenye picha. Rehema, anza na ile picha yako ya shambani, manake ile ilitutesa wote.

REHEMA: Eeh ile! Yaani picha yenyewe nyeusi na nyeupe, imefifia, ndege iko shambani, ina mabawa ya ghorofa, moja juu moja chini, na katikati ya mabawa kuna vitu kama mapipa makubwa, moja huku moja huku. Mi nikaona mabawa mawili tu nikasema basi hii ya miaka ya 1920 au 1930, nikazama kwenye vitabu vya zamani, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hola.

HAMISI: Ulishaamua kabla hujaangalia.

REHEMA: Ndo hapo sasa. Siku ya nne nikaacha kutafuta nikawa naangalia tu. Nikaona mbona haina propela? Nikadhani labda kivuli kimeifunika, nikaivuta picha karibu, hapana, mbele hakuna kitu, halafu juu ya mgongo, nyuma ya kibanda cha rubani, kuna mdomo wa kuvuta hewa. Kaka, hiyo ni jeti! Jeti ya mabawa ya ghorofa! Na hapo haina pa kujificha tena, ni PZL M-15 ya Poland, ya miaka ya 1970, ya kunyunyizia dawa mashambani, yale mapipa ndo matenki ya dawa, na injini yake ni AI-25, ileile iliyokuwa kwenye Yak-40, ndege ya abiria ya Kisovieti.

HAMISI: Waliibandika jina Belphegor, jina la shetani, kwa sura yake na makelele yake. Na sidhani kama kuna jeti nyingine ya mabawa mawili hivyo iliyowahi kutoka kiwandani kwa wingi.

REHEMA: Hakuna, iko peke yake. Na mi niliitafuta miaka arobaini nyuma.

HAMISI: Ndo maana mi siku hizi natamka kwa sauti ninachokiona kabla sijagusa jina lolote. Mabawa yamekaa wapi, juu, katikati au chini ya kiwiliwili? Injini ngapi, ziko wapi? Mkia ukoje? Utaratibu huo wa zamani sana, wakati wa Vita Kuu ya Pili walinzi wa anga walikuwa wanafundishwa kwa michoro myeusi mitupu, ndege kwa mbele, kwa ubavuni na kwa chini, hakuna rangi hakuna alama, umbo tu.

REHEMA: Na bado watu walidanganyika. Ile ya Heinkel 113 we unaijua.

HAMISI: Isimulie, ile naipenda.

REHEMA: Mwaka 1940 Wajerumani walikuwa na vindege vichache vya Heinkel 100, jeshi lenyewe halikuzichukua kwa matumizi ya vita. Wakazipaka alama za vikosi ambavyo havipo, wakapiga picha, wakabadilisha alama, wakapiga tena, wakatangaza kwamba hii ni ndege mpya ya kivita, Heinkel 113. Basi marubani wa Uingereza wakawa wanarudi toka angani wanaripoti wamepigana nayo! Ndege haipo! Waliona Messerschmitt 109, ndege ya kivita ya Wajerumani iliyokuwepo kweli, lakini jina la 113 lilikuwa limeshakaa kichwani.

HAMISI: Jina likiingia, jicho linalifuata. Mi yangu ilikuwa Blohm & Voss BV 141, ile ndege ya Wajerumani iliyoruka mara ya kwanza 1938, ambayo wafanyakazi wake wanakaa kwenye kibanda cha vioo pembeni, kulia, na injini na mkia viko kwenye mwili mwingine kushoto kwake. Nikapata picha kibanda kiko kushoto, nikaruka kitandani, nikasema nimepata toleo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

REHEMA: Kumbe picha imegeuzwa.

HAMISI: Imegeuzwa kama kwenye kioo, mtu aliiweka negativu, yaani filamu ya kusafishia picha, upande siyo. Nikaangalia herufi ubavuni, zinasomeka kinyumenyume. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza natafuta herufi au namba popote, hata kwenye gari lililopaki nyuma.

REHEMA: Na alama za taifa, usizisahau, zile zinakupa hadi mwaka. Mfano nyota ya Marekani, ukiona ina doa jekundu katikati ujue ni alama ya kabla ya katikati ya 1942, walilitoa lisichanganywe na duara jekundu la Japani. Ukiona vile vipande vyeupe vya mstatili pembeni ya nyota, hapo umeshafika 1943. Na vikiwa na mstari mwekundu kuzunguka, umebahatika, ule ulidumu miezi michache tu mwaka huohuo.

HAMISI: Sasa mi nina moja inanisumbua. Injini mbili, bawa la juu, mkia una mapezi mawili, pua imekatwa na ukingo wa picha. Nimekutumia jana.

REHEMA: Nimeiona, ila umenitumia ndege tu, umekata pembeni kote.

HAMISI: Si nilitaka ionekane vizuri?

REHEMA: Hapana kaka, kule pembeni ndo kwenye majibu, kuna hangari, kuna watu wamesimama tupimie urefu, labda kuna mkia wa ndege nyingine tunayoijua. Nitumie picha nzima. Na kama ni ya karatasi, igeuze, uupige picha na mgongo wake, muhuri wa studio au kalamu ya risasi tu inaweza kutupa mwaka.

HAMISI: Ina maandishi nyuma kweli, sikuyajali.

REHEMA: Hamisi! Tuma sasa hivi.